Kabla hujauliza apu gani, uliza simu ni ya nani

Walimu wenzangu habari za mchana. Najua mmetoka kula na usingizi unawanyemelea, basi nitaenda haraka haraka, nimepewa dakika kumi tu.

Swali ninaloulizwa sana ni hili, mwalimu wanafunzi wangu wanasoma hadithi, nataka waandike uhakiki wausome wenyewe kwa wenyewe mtandaoni, nitumie apu gani? Mi huwa namuuliza kwanza, simu ni ya nani? Maana shuleni kwetu simu marufuku, mtoto anaishika akirudi nyumbani, na ni ya mama, na mama anapokelea hela za wateja wake humo humo, kwa hiyo mtoto anaipata saa tatu usiku, chaji asilimia nane na bando ndo linakata roho. Sasa wewe umemchagulia jukwaa linalotaka imeli, pasiwedi na kurekodi video. Nusu ya darasa umeshaipoteza hapo.

Wengi wanakimbilia Goodreads, ile tovuti ya wasomaji kuandika maoni ya vitabu, kwa kuwa ndo ina jina, ipo tangu 2007, Amazon wakainunua 2013. Kwa mtu mzima safi kabisa. Ila pale mtoto anaandika mbele ya dunia nzima, na masharti yao yanataka awe na miaka 13, haya niambieni fomu wani wenu wangapi hawajafika? Na hadithi zetu za Kiswahili nyingi ukizitafuta mle huzioni, au jina lipo jalada hamna.

WhatsApp je? Ipo kila simu, sikatai, na mi ndo nilianzia huko. Binti mmoja akatuma aya mbili tamu mno saa mbili usiku, kufika saa tatu juu yake kuna stika kibao na "mwalimu kesho kuna test?" Ile kazi nilikuja kuitafuta mwisho wa muhula nikachoka mwenyewe. Halafu namba ya mama inaonekana na grupu zima, kuna mzazi alinijia juu kwa sababu ya hiyo na alikuwa na haki.

Sasa hivi natumia Padlet. Ni kama ubao wa matangazo, unatuma linki, mtoto anafungua bila akaunti anaandika, na hakitokei kitu mpaka mwalimu ukiruhusu (hiyo sehemu uiwashe mwenyewe jamani, usisahau). Ya bure inakupa mbao chache tu, mi nafuta za zamani. Google Classroom nayo sawa kama shule yenu imewafungulia watoto akaunti, kama haijawafungulia tuendelee.

Lakini hakuna jukwaa la milele. Edmodo, lile darasa la mtandaoni, ilipendwa na walimu dunia nzima, ikafungwa Septemba 2022. Flip, ile ya video ya Microsoft, 2024 nayo apu yake wakaizima. Kwa hiyo ubao wangu naupakua PDF kila mwisho wa mwezi, na kila uhakiki unaanzia kwenye kaunta buku, kwa kalamu, ndo unapanda mtandaoni. Asiye na simu kabisa namchapia mimi.

Na msiwape fomu ya maswali ya dhamira na wahusika, hiyo ni mtihani. Kijana wangu mmoja wa fomu tuu aliandika mstari mmoja tu, "kitabu kizuri ila yule mjomba angekufa mapema." Nikakaribia kuukataa, mkono uko kwenye kitufe, nikaona aah acha upite. Kesho yake komenti kumi na moja, mjomba kakukosea nini, mjomba ana haki yake, we hujamaliza kusoma we. Kitabu chenyewe kilikuwa kinakula vumbi kabatini tangu nihamie pale. Wiki ile kiliazimwa mara nne, na wa tano nilimkuta anakisomea dirishani kwa mwenzie.