Mpeni Bibi Uzito Aunyanyue

Asanteni. Mwenyekiti ameomba nizungumzie mazoezi na uzee kwa mapana, lakini naomba radhi, nitang'ang'ania jambo ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema: tunawadhoofisha wazee wetu kwa huruma. Bibi akitaka kuinuka, watatu wanamkimbilia. Akishika ndoo, ananyang'anywa. "Pumzika, bibi, umeshafanya kazi ya kutosha." Baada ya muda hawezi kutoka kitini bila kushikwa mkono, na sote tunasema ni umri.

Umri una sehemu yake, sikatai. Seli za neva zinazoamuru misuli hupungua, na nyuzi za misuli zenye kasi, zile zinazomwokoa mtu anapojikwaa, ndizo hunywea zaidi. Lakini msuli wa mzee bado unasikia ukiitwa.

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Boston, Marekani, katika makao ya wazee. Walichukua watu 10 wenye umri wa kuanzia miaka 86 hadi 96. Hawa walikuwa dhaifu kweli, wengine hawawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Wakaketishwa kwenye mashine: nyoosha goti, mguu uinue uzito, ushushe polepole. Mara nane, pumzika kidogo, rudia, mpaka mizunguko mitatu. Siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Na uzito gani? Wiki ya kwanza, nusu ya upeo wa kila mmoja, yaani uzito mkubwa kabisa anaoweza kuuinua mara moja. Baada ya hapo, asilimia 80. Nairudia hiyo 80, kwa sababu nikitaja mazoezi ya wazee watu hudhani nasema kupungapunga mikono. Asilimia 80 ya upeo wako ni uzito wa kukukunja uso!

Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walizoanza nazo. Misuli ya mapaja ikanenepa kwa asilimia 9. Wawili wakaacha mikongojo. Watu wa miaka 90, jamani!

Najua kuna mtu anasema moyoni, watu 10 ni wachache. Sawa. Ndiyo maana Fiatarone na wenzake walirudi na watu 100, wastani wa miaka 87, matokeo yakatoka mwaka 1994: nguvu za waliofanya mazoezi ziliongezeka zaidi ya maradufu. Waliopewa kinywaji cha lishe peke yake, bila mazoezi, udhaifu wa misuli haukuwapungua. Nawaambia hasa ninyi mnaowanunulia wazazi makopo ya lishe kisha mnawaacha kitini.

"Je, presha? Je, moyo?" Apimwe kwanza, na kama presha haijadhibitiwa, itibiwe kwanza. Awe na msimamizi, asibane pumzi anapoinua. Hiyo ni tahadhari, na tahadhari haina maana ya kukataza. Mwingine ataniambia mzee wake hutembea kila asubuhi. Vizuri sana kwa moyo na mapafu, lakini msuli unataka kubebeshwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku tatu au zaidi. Asiye na mashine aanze na kiti: ainuke bila mikono, aketi polepole, arudie mpaka mapaja yachoke.

Naona naonyeshwa saa. Protini, basi, kwa haraka: msuli wa mzee huitikia protini kwa uvivu, kwa hiyo anahitaji zaidi ya kijana, gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye matatizo ya figo amwone daktari kwanza.

Suala la kulazwa kitandani siwezi kuliacha. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo moja ya nyama. Hao hawakuwa wagonjwa! Basi mwenye mzee wodini, kesho asubuhi amuulize daktari: anaruhusiwa kusimama lini, na nani atamsimamisha?

Haya, maswali.