Msunguti: Kichaka cha Maua Meupe na Waliokijua Kwanza

Walimu wenzangu, asanteni kwa kufika. Niliombwa nizungumzie mmea mmoja wa asili wa vilima vyetu, nami nimechagua ule ambao watoto huambiwa neno moja tu juu yake: usiguse. Nao ni msunguti. Wakamba wanauita kivai, Wamaasai olmorijoi. Wataalamu wa mimea wameuandika Acokanthera schimperi, na unapatikana kuanzia Eritrea na Ethiopia, ukashuka Somalia, Kenya na Tanzania, hata ng'ambo ya bahari kule Yemen.

Panda kilima chochote kikavu chenye majabali, au pita pembezoni mwa msitu wa nyanda za juu, utauona. Aghalabu ni kichaka, ingawa ukiachwa huwa mti wa mita kadhaa. Majani yake ni magumu, yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakielekeana, na ncha ya jani ni kali. Maua hukaa vishada vishada pale jani linapoungana na tawi: vijineli vyembamba vyenye wekundu hafifu, vikifunguka vinatoa petali tano nyeupe. Harufu yake ni tamu sana. Matunda huanza kijani, yakageuka mekundu, kisha zambarau iliyokolea hadi weusi.

Uzuri wote huo umebeba sumu ya kusimamisha moyo.

Waata wa eneo la Tsavo waliwinda tembo kwa upinde mrefu na mshale uliopakwa sumu hii. Wagiriama walijulikana kwa kuipika na kuiuza, na Wakamba nao walikuwa na mafundi wao. Vijiti, magome na mizizi hukatwakatwa, huchemshwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena mpaka yabaki masalia meusi, mazito, ya kunata kama lami. Hayo ndiyo hupakwa kwenye mshale, nyuma kidogo ya chembe, yaani kile kichwa chenye ncha, kisha huzungushiwa ngozi nyembamba ili yasikauke na ili mwenye mshale asijichome mwenyewe.

Sasa ngojeni niwaeleze jinsi walivyoipima, kwa maana hapa ndipo ninapotaka tutulie. Fundi hujichanja kidogo, akaiacha damu itiririke. Kisha hugusisha sumu kwenye mwisho wa mchirizi, chini kabisa, mbali na jeraha. Sumu ikiwa kali, damu huanza kuwa nyeusi pale ilipoguswa, na weusi ule ukapanda kufuata mchirizi. Yeye anautazama, anaona kasi yake, halafu anaifuta damu kabla weusi haujafika penye jeraha. Tuangalie alichofanya mtu huyu. Ana jaribio, ana kipimo cha kulinganisha sumu ya leo na ya jana, na anajua wazi kwamba hatari ni sumu kuingia kwenye damu. Ndiyo maana pia wawindaji waliikata nyama iliyozunguka jeraha la mshale wakaitupa, na iliyobaki wakaila. Sumu hii ikimezwa hupenya kwa shida kwenye utumbo. Madaktari wa Ulaya walipoanza kuitumia kutibu moyo, kwa dozi ndogo mno, waliitoa kwa sindano ya mshipa, kwa sababu hiyo hiyo.

Mimi naiita hiyo sayansi, na sitaki kuipunguza kwa kuiita desturi.

Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alifanikiwa kuitenga sumu hiyo kutoka kwenye mti wa msunguti, ikapewa jina ouabain, kutokana na neno la Kisomali waabaayo. Miongo mingi baadaye Mdenmark Jens Christian Skou, akichunguza neva za miguu ya kaa, alitambua mwaka 1957 kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachosukuma sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Ouabain ndiyo iliyosaidia kuthibitisha kwamba kimeng'enya kile ndicho pampu yenyewe, kwa kuwa huishika na kuizuia. Pampu ikizuiwa, sodiamu hujaa ndani ya seli ya moyo, kalsiamu nayo ikalundikana, na mapigo yanaongezeka nguvu kabla ya kuvurugika. Skou alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Hapa kwetu, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Waata walikuwa wakisakwa na kufungwa kwa uwindaji ndani ya Tsavo, iliyokuwa imetangazwa hifadhi mwaka 1948. Tembo walihitaji kulindwa, sina ubishi. Linaloniuma ni kwamba hakuna aliyekaa na wazee wale kuandika kila walichokijua kabla hawajatawanyika.

Na si binadamu pekee aliyegundua siri hii. Yuko panya mkubwa mwenye kishungi mgongoni, Lophiomys imhausi. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, pamoja na wenzake akiwemo Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walieleza kwamba panya huyu hutafuna gome la msunguti, akapaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni, yenye matundu ya kufyonza. Akishambuliwa hakimbii. Huyafunua manyoya hayo, akangoja aumwe. Mbwa anayemng'ata anaweza kufa.

Kwa hiyo mnapofundisha pampu ya sodiamu darasani, na kilima kiko nyuma ya shule, waonyesheni wanafunzi msunguti. Waonyesheni kwa macho, si kwa mikono. Wafundisheni kuutofautisha na mtandamboo, jamaa yake ambao matunda yake watoto wanayapenda: mtandamboo una miiba, msunguti hauna hata mmoja. Wapo wanaokula matunda ya msunguti yakiiva kabisa, lakini mabichi ni sumu, na mtoto hawezi kuaminiwa kupima uivaji. Nawaomba tusimruhusu yeyote ayale. Akiwa ameshakula, msisubiri atapike wala msimpe maziwa nyumbani. Mkimbizeni hospitali, na mchukue kijitawi chenye majani ili daktari ajue anapambana na nini.