Printa Inaposhikilia Kwamba Karatasi Imekwama na Hakuna Karatasi

Ndugu mafundi, na ninyi nyote mnaotunza mashine za ofisi hata kama hakuna anayewaita mafundi, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kosa moja tu la printa za leza, nami nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nimeona mashine nzima zikiwekwa kando na vipuri vya bei kubwa vikinunuliwa bure kwa ajili yake. Ni pale kioo cha printa kinapoandika kwamba karatasi imekwama, mtu akafungua mlango wa mbele, akafungua wa nyuma, akatoa katriji ya tona, yaani kasha la wino wa unga, akamulika kwa tochi kila pembe na asione hata kipande, kisha akafunga kila kitu na kukuta ujumbe uko palepale.

Naomba tuanze kwa kukubaliana kwamba printa haijawahi kuiona karatasi. Kwenye njia inayopita karatasi mna vihisi vichache, na kihisi cha kawaida kabisa ni kidude cha plastiki nyeusi chenye umbo la herufi U, ambacho mkono wake mmoja umebeba taa ndogo ya mwanga usioonekana kwa macho, na mkono wa pili umebeba kipokezi cha mwanga huo. Katikati ya mikono hiyo huingia na kutoka ulimi wa plastiki unaorudishwa mahali pake na springi nyembamba. Karatasi ikipita huusukuma ulimi huo, mwanga ukazibwa au ukaachiwa kulingana na jinsi mashine ilivyoundwa, na ubao wa umeme ukapokea badiliko la volti. Printa haina habari nyingine yoyote zaidi ya hiyo: mwanga upo au haupo, na badiliko limetokea wakati gani.

Huo wakati nao una uzito sawa na mwanga wenyewe. Printa inayotoa kurasa 30 kwa dakika ina sekunde 2 tu kwa kila ukurasa. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo ni lazima itembee kwa kasi isiyopungua milimita 148 kwa sekunde, na kwa kweli huzidi hapo, kwa sababu kati ya karatasi moja na inayofuata huachwa nafasi. Mashine huhesabu tangu rola ya kuvutia karatasi kutoka kwenye trei ilipoanza kuzunguka na kutarajia kila ulimi uinuke na ushuke ndani ya muda uliopangwa. Muda huo ukipita hutoa hukumu, na hukumu zenyewe ni tatu: karatasi haikufika kwa wakati, karatasi haikuondoka kwa wakati, au mashine imewashwa ikakuta kitu mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Tatizo letu ni kwamba hukumu hizi tatu, zenye sababu tofauti kabisa, mara nyingi huandikwa kwenye kioo kwa maneno yaleyale.

Ndiyo maana mimi, nikiitwa, siulizi kwanza karatasi imekwama wapi. Nauliza ujumbe unatokea lini, na ninaomba nisubiriwe kabla mlango wowote haujafunguliwa, kwa kuwa kufungua mlango huweza kuufuta ushahidi. Mashine nyingi za HP huonyesha namba inayoanza na 13, na tarakimu zinazofuata huelekeza kihisi kinachohusika na aina ya hukumu. Watengenezaji wengine wana namba zao. Namba hiyo iandikwe. Ikiwa imeshapotea, mashine nyingi za ofisi huweza kuchapisha orodha ya makosa yaliyopita, nayo hupatikana kwenye menyu ya taarifa.

Tuchukue hali ya kwanza, ambayo ndiyo hasa inayostahili kuitwa kosa la uongo: printa inawashwa, haijavuta karatasi yoyote, na tayari inalalamika. Hapa rola ya kuvutia haina hatia hata kidogo, kwa sababu haijaitwa kazini. Kuna ulimi uliobaki umeinama, au kuna kihisi ambacho kipokezi chake hakipati mwanga kinaotakiwa kuupata. Ofisi moja iliniita baada ya kubadilisha mara mbili fyuza, yaani sehemu yenye joto inayoyeyusha tona ili ishike kwenye karatasi, na baada ya fyuza ya pili ujumbe uliendelea kama kwamba hakuna kilichofanyika. Nilikuta gundi ya lebo, tone dogo kuliko punje ya mtama, imeushika ulimi ulio karibu na rola za kunyoosha karatasi. Mtu alikuwa amechapisha lebo za bahasha, moja ikabanduka ndani, akaitoa salama na kuamini kwamba amemaliza, lakini gundi ilibaki. Nawasimulia hili bila nia ya kumcheka yeyote. Fyuza ndiyo sehemu ambayo karatasi hukwama kweli mara nyingi, na kuishuku si ujinga. Kosa lilikuwa kununua kipuri kabla ya kuuliza ni kihisi gani kilichotoa ushahidi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mashine izimwe na waya wake uchomolewe ukutani, kisha iachwe ipoe kwa nusu saa hivi, kwa sababu fyuza hufanya kazi kwenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Katriji ikitolewa, ifunikwe kwa kitambaa au karatasi nene, maana ngoma yake, yaani silinda inayochorwa picha ya ukurasa, huharibiwa na mwanga. Kisha fuateni njia ya karatasi kuanzia trei hadi mlango wa kutokea, mkitafuta kila ulimi na kuusukuma taratibu kwa kidole au kwa kijiti kisicho na ncha kali. Ulimi mzima hurudi wenyewe, upesi, bila kusita. Unaorudi kwa uvivu una uchafu kwenye mhimili wake. Usiorudi kabisa umepoteza springi au springi imetoka kwenye kishikizo chake. Na unaolegea na kucheza huku na huko huenda umevunjika upande ule msiouona, ule unaoingia kwenye kihisi. Vipande vya karatasi vinavyosababisha haya huweza kuwa vidogo mno, pengine kona iliyochanika mtu alipovuta karatasi kwa nguvu kinyume cha mwelekeo wake.

Ulimi ukiwa huru na kosa likabaki, tazameni kihisi chenyewe. Vumbi la karatasi na unga wa tona hujikusanya kwenye mikono ya ile herufi U na kuzuia mwanga sawasawa na ambavyo ulimi ungeuzuia. Brashi laini inatosha. Sipendi hewa ya kopo kwa kazi hii, kwa sababu hupeperusha unga na kuupeleka kwenye vihisi ambavyo vilikuwa safi. Na mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi nyumbani haifai kabisa, kwa kuwa chembe za tona ni ndogo kiasi cha kupenya kichujio chake na kurudi hewani mnakopumua. Baada ya hapo kagueni waya na viunganishi. Modeli nyingi kubwa zina menyu ya mafundi inayoonyesha hali ya kila kihisi kwa 0 au 1, na ulimi ukiguswa tarakimu inapaswa kubadilika. Isipobadilika, kuna jaribio ninalolipenda sana: kwa kuwa aina moja ya kihisi mara nyingi hutumika mahali kadhaa ndani ya mashine ileile, badilishaneni viwili. Kosa likihamia mahali pengine, kihisi ndicho kibovu. Likibaki, tafuteni kwenye waya au ubao.

Hali ya pili ni ujumbe unaotokea sekunde chache baada ya kuagiza kuchapisha. Hapa, kwa sehemu kubwa, printa haidanganyi. Sisi ndio tunaoisoma vibaya. Rola iliyochakaa na kung'aa kwa vumbi huteleza juu ya karatasi, karatasi inasogea kidogo au haisogei kabisa, na muda unakwisha kabla haijafika kwenye kihisi cha kwanza. Mtumiaji huvuta trei nje kutazama, na kwa kuvuta huko ile karatasi iliyochungulia sentimita chache inarudi nayo. Anapoangalia ndani hapati kitu, na anaapa kwamba mashine imechanganyikiwa, kumbe karatasi haikukwama bali haikuanza safari. Futeni rola kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa maji, na mtazame pia pedi ya kutenganisha karatasi. Ikiwa trei ya pili au mlango wa kulishia kwa mkono unafanya kazi bila lawama, jibu mnalo tayari, kwa kuwa njia ya mbele ni moja.

Kuna sababu nyingine iliyojificha hapa ambayo mafundi wengi huichelewa. Rola ya kuvutia katika mashine kadhaa huachiliwa na solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayovuta mkono mdogo wa chuma, na chini ya mkono huo hubandikwa kipande cha sponji cha kupunguza kelele. Miaka ikipita sponji huoza na kuwa kama gundi, mkono ukachelewa kubanduka, na rola ikaanza kuzunguka baada ya wakati wake au ikazunguka mara mbili. Mashine huwa nzima asubuhi na mgonjwa mchana, hali inayomchosha fundi. Ng'oeni mabaki ya sponji, safisheni chuma kwa spiriti, na mbandike kipande chembamba cha kitambaa mahali pake.

Hali ya tatu ndiyo ya kushangaza zaidi kwa mtumiaji: ukurasa umetoka, umechapwa vizuri, umelala juu ya mashine, na bado kioo kinasema umekwama. Shuku kwanza ulimi wa kutokea, ambao hukaa karibu na joto la fyuza hadi plastiki yake ikawa kavu na kukatika kwa urahisi. Lakini kabla ya kufungua skrubu, tazameni saizi iliyowekwa kwenye trei. Mashine iliyoambiwa ina A5, yenye urefu wa milimita 210, ikilishwa A4, itaona ulimi wa kihisi ukiendelea kuinama kwa milimita 87 zaidi ya ilivyotarajia, na kwa haki kabisa itasema karatasi haiondoki. Hata tofauti ya A4 na saizi ya Letter ya Marekani, ambayo ni kama milimita 18 tu, huwa na maana kwenye mashine zinazopima kwa ukali, ingawa kwa kasi niliyoitaja ni zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Kuhusu milango nitasema machache. Printa nyingi haziufuti ujumbe mpaka swichi ya mlango ifunguke na kufungwa tena, kwa hiyo kichomozo cha plastiki kinachobonyeza swichi kikivunjika, mnaweza kuondoa kisababishi chenyewe na ujumbe usiondoke. Kitengenezeni kichomozo hicho. Nimeulizwa mara nyingi kama inafaa kukwepesha swichi kwa kipande cha waya ili kutazama ndani mashine ikizunguka, na jibu langu ni hapana, leo na siku zote: swichi hiyo ndiyo inayozima miali ya leza isiyoonekana, na jicho likishaungua halina kipuri.

Mashine iliyo mezani hapa mbele ina kosa la aina mojawapo ya hizi tatu, na trei yake nimeiondoa mwenyewe mbele yenu ili msishuku karatasi. Naomba mwenzetu mmoja aje aiwashe, na ninyi wengine msikilize kama mota itazunguka kabla ya ujumbe au baada yake, kisha tutaamua pamoja ni mlango upi tufungue kwanza.