Namna ya Kusoma Ramani ya Kiwanja Kabla Hujatoa Pesa

Karibuni tena. Leo kamera nimeielekeza mezani, kwenye karatasi mbili. Zote zina viboksi vyenye namba, zote zina mihuri, na dalali atakuambia zote ni "ramani ya kiwanja". Hapo ndipo watu wanapoliwa.

Kwanza, jua umeshika ipi. Hii ya kushoto ni mchoro wa mipango miji, wengi wanauita TP. Unaonyesha eneo limepangwa kutumikaje: makazi hapa, shule pale, eneo la wazi kule. Ni mpango tu, haujaweka ardhini hata bikoni moja, yaani alama ya kona ya kiwanja. Ya kulia ni ramani ya upimaji: mpimaji amefika, amepima, bikoni zimewekwa, ramani imeidhinishwa na kupewa namba ya usajili. Mtu akikuambia kiwanja kimepimwa halafu anakuonyesha TP peke yake, mwombe hiyo namba.

Pili, macho yatoke kwenye viboksi yaende pembeni, kwenye ufunguo. Tafuta matumizi ya kiwanja chako. Kisha soma namba ya kiwanja pamoja na kitalu, usiitenganishe: namba 14 Kitalu A na namba 14 Kitalu C ni viwanja viwili tofauti kabisa.

Tatu, skeli. Hapa imeandikwa 1:2500, maana yake sentimita moja ya rula ni mita 25 ardhini. Lakini rula inafaa kwenye nakala yenye saizi yake halisi tu. Picha uliyotumiwa WhatsApp imeshapunguzwa, kwa hiyo usiipime; soma vipimo vilivyoandikwa. Na ukisikia "ishirini kwa ishirini", uliza ishirini za nini. Zikiwa mita, ni mita za mraba 400. Zikiwa hatua za miguu, inategemea nani alikuwa anatembea!

Nne, bikoni, na hapa naomba tuende polepole. Kila kona ya kiwanja ina bikoni yenye jina lake, na kwenye jedwali la ramani ya upimaji kila bikoni ina koodineti mbili, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo. Kwa Dar es Salaam, ile ya kaskazini ina tarakimu saba na huanza na 92. Ile ya mashariki ina tarakimu sita na huanza na 5. Ukiona zimepishana, aliyekunakilia amezigeuza.

Sasa wengi huziingiza kwenye simu, simu inawapeleka kwenye kiwanja cha mtu mwingine, ugomvi unaanza. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Ramani nyingi za zamani zilipimwa kwa mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, na simu inatumia mwingine, WGS84. Kati ya mifumo hiyo miwili, nukta ileile inahama takriban mita 300 kwenda kaskazini au kusini. Kwa hiyo angalia mfumo ulioandikwa kwenye ramani, kisha mpe mpimaji azibadilishe. Akishafanya hivyo nendeni pamoja mkaitafute bikoni yenyewe, mfukue majani, msome namba yake.

Tano, ile picha ya satelaiti yenye mistari myekundu ambayo wauzaji hupenda kuonyesha. Inapendeza, nakubali. Itumie kuona kama kuna bonde, mkondo wa maji au barabara jirani. Kama ni barabara kuu, pima mita 30 kutoka katikati yake, maana hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili yake, ni mita 60 kwa jumla. Mpaka wa kiwanja usiutafute humo. Mstari huo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuuchora.

Mwisho, hata ramani safi kabisa haisemi mwenye kiwanja ni nani, wala kama kimewekwa rehani benki. Hayo yako kwa Msajili wa Hati. Ikiwa kina hati, chukua namba yake, omba upekuzi rasmi, lipia, subiri majibu ya maandishi. Muuzaji akikuharakisha kabla majibu hayajatoka, mwache aharakishe peke yake.