Mekapu ya mchana kwa tusiopenda asubuhi: dakika 10, na 5 kati yake ni za chai

Assalaam aleikum shoga zangu, na nyinyi mnaonitazama mkiwa bado mko kitandani, najua mko wengi, karibuni. Niko nyumbani Lamu, mtaa wa Mkomani, saa hizi ni saa 12 na dakika 20 asubuhi, na boti yangu ya kwenda kazini Mokowe, ng'ambo upande wa bara, yaondoka saa 1. Nimeswali alfajiri nikarudi kulala, ndio nimeamka sasa hivi, macho haya hapa mnayaona yalivyo. Sijajipanga kwa ajili ya video, hivi ndivyo ninavyofanya kila siku ya kazi.

Mimi nasema hivi, kama hupendi asubuhi usijilazimishe kuipenda, kazi ya asubuhi ifanye usiku. Jana kabla ya kulala nilitoa wanja kwa pamba na mafuta ya nazi, nikanawa uso, nikapaka krimu yangu, halafu nikapanga vitu kwenye sinia kwa namna vinavyofuatana: sanskrini, faundesheni, sponji, poda, penseli ya nyusi, wanja, maskara, lipstiki. Basi. Vitu vinane. Sinia nikaliweka kwenye kidaka. Hizi nyumba zetu za mawe zina vidaka ukutani, wazee wetu waliweka sahani zao za Kichina humo, mimi naweka mekapu, na mekapu yangu naipenda kama walivyopenda sahani zao. Wewe kama huna kidaka tafuta stuli, dirisha, popote, muhimu usiku iwe tayari, kwa sababu saa 12 asubuhi kutafuta penseli ndani ya mkoba ndiko kunakokumaliza.

Usiku wa Alhamisi naongeza liwa. Nasugua kipande cha liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe na maji ya waridi mpaka itoke uji mzito, napaka uso mzima, ikikauka naosha. Ngozi inalala imepoa. Hiyo nitaifanyia video yake, leo hatuna nafasi.

Uso nimeshanawa kwa udhu, so hapa naruka. Mkavu. Haya.

Subirini, hapa chumbani hakuna mwanga, mnaona kivuli tu, si ndio? Nashuka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba. Ngojeni nibebe simu na sinia… pole pole kwenye ngazi… haya, hapa hakuna paa, mwanga unaingia wote. Na hili nalo ni somo, mekapu ya mchana ipake kwenye mwanga wa mchana. Taa ya chumbani inadanganya, unatoka nje unajiona shingo rangi yake na uso rangi yake.

Namba moja, sanskrini. Kila mtu ananiambia sisi weusi haitushughulishi. Inatushughulisha. Ngozi yetu ina kinga yake lakini madoa meusi yanatushika kuliko wengine, chunusi ikipona inaacha alama mwaka mzima, na jua la hapa kwetu mnalijua, hasa kaskazi ikiingia mwezi wa 12, na ukiwa kwenye boti linakupiga kutoka juu na likigonga maji linakupiga tena kutoka chini. Ile namba ya kinga kwenye chupa, SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, SPF 50 kama asilimia 98, so usiumize kichwa sana na namba, umiza kichwa na kiasi. Kiasi ni hiki, mistari miwili, mmoja kwenye kidole hiki cha shahada na mmoja kwenye cha kati, toka mwanzo wa kidole mpaka ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Ukipaka tone moja kama la dawa ya meno hujapaka kitu.

Mimi natumia yenye rangi, ya kahawia. Zile nyeupe zenye zinki nyingi zinatuacha kama tumemwagiwa unga. Halafu hii rangi yake yatokana na oksaidi ya chuma, na hiyo inasaidia kuzuia hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao nao unachochea madoa kwa ngozi nyeusi. Kwa hivyo rangi hapa ni kinga, si urembo peke yake. Masikio msiyasahau. Shingo pia.

Sasa sikilizeni. Hapa. Hapa ndipo. Ukishapaka sanskrini WACHA. Usiguse kitu. Dakika tano. Najua umechelewa, najua faundesheni iko pale inakuita, wacha. Siku yangu ya kwanza kazini sikungoja, nilipaka sanskrini na hapo hapo faundesheni juu yake, nikawa nasugua, ikaanza kutoka vipande vipande kama taka za ufutio, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nikazidi kusugua ikazidi, na boti imeshawasha mashine. Nilifika Mokowe na uso wenye mabaka, nikasalimiana na watu wote ofisini vile, na siku ile iliniuma kweli. Kwa hivyo dakika tano. Wekeni saa kwenye simu kama mimi, hii hapa, imeanza kuhesabu.

Na dakika tano zenyewe hazipotei. Huu ndio wakati wa chai. Mamangu ameshaniwekea, hamri mbili na mbaazi za nazi, bismillahi. Kula kabla hujapaka mdomo, mafuta ya hamri na lipstiki havikai pamoja.

Naam? Ndiyo mama, narekodi. Ndiyo, nitarudisha kikombe.

Saa bado. Bado dakika mbili. Naona mkono wako wewe unaenda kwenye faundesheni, urudishe. Mkiwa mwangoja niwaambie kuhusu kuchagua rangi: msijaribu kwenye mgongo wa mkono, mkono umepigwa na jua kivyake. Jaribuni hapa kwenye taya, mtoke nje ya duka, mtazame juani. Rangi inayopotea ndiyo yako. Na muuzaji akikushawishi uchukue inayong'aa zaidi, mwambie ahsante, ngozi yako si kosa la kurekebishwa. Mikorogo siitaki na siiuzi, zebaki imo kwenye mingi yake na zebaki inaharibu figo, nasema hili kwa sababu kila wiki napata msichana ananiuliza kama ninayo.

Imelia. Sasa gusa shavu hivi na mgongo wa kidole. Ikinata, ngoja tena dakika moja. Isiponata, twende.

Faundesheni tone moja tu la ukubwa wa mbaazi, na si uso mzima. Pembeni mwa pua, kuzunguka mdomo, kidevu, na chini ya macho kwa sisi tulioamka sasa hivi. Sehemu nyingine ngozi yako inatosha. Sponji iloweshwe ikamuliwe, iwe na unyevu isiwe inadondosha. Na unapigapiga, hivi, tap tap tap, husugui. HUSUGUI. Hata kama umengoja zile dakika tano, ukisugua unaiburuza sanskrini yote na vile vipande vinarudi. Nitawaonyesha kwa karibu…

Eh, simu imeteleza. Mmeona kilichopita? Mmeona mbingu, pole. Naiegemeza kwenye mtungi, haya, narudia upande wa pili. Piga, piga, piga. Kutoka katikati kwenda nje. Huyo ni punda wa nje anapita na mchanga wa ujenzi, hana neno. Piga, piga. Mnaona? Madoa yamefifia na ngozi bado inaonekana ni ngozi.

Poda, brashi ndogo, paji la uso, pua, kidevu, kwisha. Mashavu acheni yang'ae.

Nyusi. Chana, jaza penye mapengo, kwisha.

Wanja. Hapa nastarehe kidogo, nipeni ruhusa, kwa sababu mimi kama ningeachiwa kitu kimoja tu duniani ningechagua wanja. Unaweza kuwa hujalala ukapaka wanja watu wakadhani umelala kwa muda wa saa nane. Nyanyangu aliupaka mpaka uzeeni. Lakini tafadhali uangalieni mnaonunua. Wanja wa jiwe wa zamani, ule unaosagwa unang'aa kama chuma, mara nyingi ni galena, yaani jiwe lenye madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini haina kiwango kizuri, na watoto ndio inaowaumiza zaidi, inaharibu ubongo unaokua. Kwa hivyo wanja usio na karatasi wala jina la aliyetengeneza msiutie machoni, na mtoto mchanga msimpake kabisa, najua ni mila, najua inapendeza, lakini msimpake. Chukueni penseli ya kawaida yenye maelezo yake, ikapendeza vile vile. Vuta kope ya chini kidogo, angalia juu, pitisha mara moja kutoka nje kuja ndani. Ukipitisha mara tatu saa sita utakuwa nao kwenye mashavu.

Maskara, na hapa nina maoni yangu. Mimi sinunui isiyopitisha maji. Nina udhu wa adhuhuri na alasiri, maji lazima yafike kwenye kope, so nataka ya kawaida inayotoka kwa maji ya vuguvugu. Koti moja, kope za juu tu. Msichomeechomee brashi ndani ya chupa, mwaingiza hewa, inakauka. Na ikitimiza miezi mitatu tangu kufunguliwa itupeni, jicho halichezewi, na shoga yako hata umpende vipi asikuazime yake.

Lipstiki hii ya rangi ya tende, napaka katikati na nasambaza kwa kidole. Tone linalobaki kwenye kidole naligusisha mashavuni, huo ndio blasha. Nimemaliza, saa 12 na dakika 36, na kuwaonyesha nyinyi humo humo.

Vinavyokwenda nami ni vitatu tu, sanskrini, sponji, lipstiki, kwenye hiki kipochi. Navishona mwenyewe kwa vipande vya kikoi, shilingi 300, ndani nimetia nailoni ili kikirushiwa maji kwenye boti vitu visilowe. Vya buluu vimebaki vinne. Kwenye boti kaeni nyuma, mbele ndiko mawimbi yanakorukia, na mtandio uvuteni mpaka kidevuni.

Haya niko tena, sasa ni saa 7 kasorobo, ofisini, nimetoka kuswali. Nimenawa, kwa hivyo tazameni nini kimebaki. Wanja upo kidogo. Maskara imetoka yote, nimefuta kwa tishu. Faundesheni imetoka hapa kwenye taya mtandio unaposugua. Mdomo umekwenda na chakula. Sanskrini ingetaka kurudiwa hata kama nisingenawa, ukiwa juani ni kila baada ya saa mbili, so udhu unanikumbusha. Nakausha uso vizuri. Vidole viwili, kama asubuhi. Napaka… na sasa sigusi kitu. Dakika tano. Nitawajibu mlioniuliza kuhusu liwa huku nikingoja.