Fosforasi Haina Mabawa

Nasikia minong'ono huko nyuma: "Ameanza tena na chupa yake." Ndiyo, nimeanza. Mlioisikia, vumilieni. Swali la leo ni hili: je, tumwage Ziwa Victoria bakteria waliobadilishwa vinasaba ili waondoe fosforasi, kirutubisho kinachostawisha gugu maji?

Kijana mmoja wa maabara yetu alichota tope la majitaka lenye wale bakteria walafi wa fosforasi, akalitia kwenye chupa ya maji machafu, akapuliza hewa kwa kipampu cha tangi la samaki wa mapambo. Jioni akapima: fosforasi imekwisha karibu yote. Akanipigia simu kama aliyepata mtoto wa kwanza. Ilikuwa Ijumaa. Akazima pampu, akafunga kizibo, akaenda zake. Jumatatu tukapima wote wawili. Imerudi majini! Bakteria hao wakikosa hewa hutapika walichokula. Sasa niambieni, kule vilindini Ziwa Victoria hewa iko wapi? Kuna miezi haipo kabisa.

Kwa hiyo mtu akinijia na bakteria waliobadilishwa vinasaba, anataka kuwamwaga ziwani, simwulizi kwanza kama ni hatari. Namwuliza: utawavua kwa wavu gani? Naitrojeni ina mabawa; bakteria huigeuza nitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, kuwa gesi, ikapaa zake angani. Fosforasi itaenda wapi? Imo majini, au imo tumboni mwa bakteria, au imo topeni. Usipolizoa tope, hujatoa kitu.

Mtasema napinga sayansi. Wapi! Mwaka 1993 watafiti wa Japani waliwaongezea bakteria *E. coli* jeni ya kimeng'enya kinachounga fosfeti kuwa mnyororo mrefu, na bakteria hao wakashiba fosforasi kupita kawaida yao. Kazi safi sana. Lakini iwe ndani ya tangi lenye kuta, lenye mtu wa kuzoa tope. Na sisi watu wa Mwanza tusifundishwe habari za kumwaga kiumbe ziwani. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, waulizeni furu, wale samaki wadogo wa asili aliowala.

Tope hilo likikaushwa, likapimwa lisiwe na metali zenye sumu, lina fosforasi ileile mnayoinunua dukani kama mbolea ya kupandia. Tunaitupa, kisha tunaagiza nyingine kwa meli!

Nilitaka pia kueleza bakteria wanaoondoa naitrojeni, wale wa asili walioanza kazi kwenye mtambo wa majitaka wa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2002, lakini mwenyekiti ananigongea saa. Chupa imekula muda. Haya, maswali, na asiniulize mtu kuhusu gugu maji kabla hajanijibu lile la wavu.