Taasisi ya Leo Baeck: waliofukuzwa walivyookoa makaratasi yao

Rehema: Karibuni tena jamani. Leo na kaka Kassim tunaongelea taasisi ya Leo Baeck, ipo Jerusalem, London na New York, kazi yake ni kutunza nyaraka za historia na utamaduni wa Wayahudi waliokuwa wanaongea Kijerumani.

Kassim: Dada Rehema, mtu akisikia hivyo anadhani ni mradi wa serikali ya Ujerumani.

Rehema: Hapana, waliianzisha wenyewe waliofukuzwa. Mwaka 1955, pale Jerusalem, miaka 10 tu baada ya vita ya pili ya dunia, wasomi wa Kiyahudi kina Martin Buber na Gershom Scholem, watu ambao ulimwengu waliokulia ulikuwa umeshafutwa kabisa. Mwaka 1933 Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama laki 5, sasa hao wameuawa au wametawanyika dunia nzima, nani atasimulia waliishi vipi?

Kassim: Maana sisi wengi tukisikia Wayahudi wa Ujerumani akili inaenda kwenye kambi za mauaji za Hitler moja kwa moja.

Rehema: Ndo hapo sasa! Mauaji hayafichwi hata kidogo, ila kabla yake kuna mamia ya miaka ya maisha ya kawaida, wauza ng'ombe wa vijijini, madaktari, maprofesa, kina mama na madaftari yao ya mapishi. Vita ya kwanza ya dunia Wayahudi kama 100,000 walivaa sare ya jeshi la Ujerumani na kama 12,000 walikufa wakiipigania nchi hiyohiyo. Mi hiyo huwa inaniuma sana.

Kassim: Ndani ya hizo nyaraka kuna nini hasa?

Rehema: Mengi ni makaratasi ya familia. Chukua pasipoti. Kuanzia Oktoba 1938 pasipoti ya Myahudi inagongwa herufi J kubwa nyekundu, afu kuanzia Januari 1939 kama jina lako haliko kwenye orodha ya serikali ya Hitler ya majina ya Kiyahudi unaongezewa kwa lazima, mwanamke Sara, mwanaume Israel. Yaani mama wa watu kazaliwa Margarete, ghafla anasaini Margarete Sara.

Kassim: Mi zilizonishika ni zile barua za Msalaba Mwekundu. Vita ya pili imeanza, posta ya kawaida kati ya Ujerumani na Uingereza imekatika, mtoto yuko Uingereza wazazi wako Berlin, wanaruhusiwa maneno 25 tu kwenye fomu, na inachukua miezi kufika. Hebu fikiria mzazi unaanza kuhesabu, tuko wazima, kula vizuri, soma, maneno yanaisha. Afu siku moja hazifiki tena.

Rehema: Na barua nyingi za zamani zimeandikwa kwa mwandiko ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma, inabidi watu wakae wausome mstari kwa mstari.

Kassim: Sasa huyu Leo Baeck mwenyewe?

Rehema: Rabi, kazaliwa 1873. Hitler alivyoingia madarakani yeye ndo akawa kiongozi wa chombo kilichowawakilisha Wayahudi wa Ujerumani. Alipata nafasi za kuondoka, akakataa kuwaacha watu wake. Januari 1943 watu wa Hitler wakampeleka kambi ya Theresienstadt, mzee anakaribia miaka 70, akawa anavuta mkokoteni wa takataka, na jioni anawafundisha wenzake falsafa. Akatoka hai, akahamia London, akawa rais wa kwanza wa taasisi, akafariki 1956.

Kassim: Ila kuna lile swali gumu. Humo kambini alipata habari za Auschwitz, kambi nyingine, kwamba watu wanaopelekwa huko wanauawa kwa gesi, akaamua asiwaambie wenzake.

Rehema: Ndiyo, na baada ya vita alikiri mwenyewe. Aliona kuishi ukisubiri kifo cha gesi ni mateso zaidi. Wapo wanaosema walikuwa na haki ya kujua, labda wengine wangejificha au wangegoma. Hannah Arendt, mwanafalsafa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, mwaka 1963 aliwakosoa viongozi wa Kiyahudi vikali sana.

Kassim: Mi naona watu walikuwa na haki ya kujua, kaka yangu au mama yangu anapanda lile treni, nisiambiwe?

Rehema: Mi siwezi kumhukumu. Mzee wa watu, mfungwa, hana hata kisu. Ila nakubali swali lako lina uzito, na wanahistoria hawajalimaliza.

Kassim: Tusisahau na kwetu huku, maana miaka ya 30 wengine walikimbilia Kenya, mwanasheria anageuka meneja wa shamba, afu Septemba 1939 Waingereza wakawakamata wanaume kama maadui kisa wana pasipoti za Ujerumani!

Rehema: Pasipoti zile zile zenye J, kaka.

Kassim: Sasa msikilizaji akitaka kusoma?

Rehema: Mamilioni ya kurasa yako mtandaoni bure. Aanze na kumbukumbu za maisha ambazo watu waliziandikia wajukuu zao, ziko zaidi ya 2,000, nyingi Kijerumani ila za Kiingereza pia zipo.